Jubilei ya Feza na Bangili ya Mkononi



Swali limetufikia kutoka kwa mama mmoja wa hapa Goma, nasi tumeona si vema kulijibu kwa siri, maana linagusa nyumba nyingi. Yeye na mume wake wanatimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wao wawili walio ng'ambo wamechanga feza, wakawalipia siku saba katika hoteli ya pwani kule Zanzibar, ile namna ya hoteli ambamo chumba, chakula, vinywaji na michezo vyote vimelipwa mbele, na mgeni hagusi tena mfuko wake tangu siku ya kuingia hata siku ya kutoka. Mama amefurahi. Papa amekataa. Anasema feza hizo zirudishwe, zinunue mabati na kulipa minervali ya wadogo wawili walio sekondari. Tena ni haya kwenda kukaa mbele ya bahari wakati watu wa mji huu wanalala njaa. Mama anauliza: je, ni kosa kwenda?

Tunasema mara moja kwamba hatuoni kosa. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa maana Papa naye hasemi upuuzi.

Mtu aliyeishi Goma miaka hii ana sababu ya kuiona feza ya starehe kama feza iliyotupwa. Kuanzia mwaka 2022 tuliona Kanyaruchinya, kisha Bulengo na Lushagala, zikijaa watu waliotoka Rutshuru na Masisi na mizigo kichwani. Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiwa ufukoni wanaitazama. Januari 2025 vita viliingia mjini kwenyewe, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, na mwenye akiba yake humo akabaki na karatasi tu. Baada ya hayo, mtu akikuambia "tumekulipia bahari", akili inapiga hesabu ya mabati peke yake.

Hata hivyo, hebu tufikiri mbele kidogo. Ikiwa furaha yapasa kungoja mpaka jirani asilie tena, basi katika mji huu hakuna ambaye angeoa tangu mwaka 1994. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma hata ukaingia ziwani, na mwaka huohuo vijana walioana. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukafika Buhene, na mwaka huo pia watu walioana. Kambini kwenyewe, chini ya mashitingi, ndoa zilifungwa na watu waliimba. Hatujasikia mtu akiwaambia maharusi wale kwamba wanawatukana wafiwa. Kwa hiyo kilio cha jirani hakiifanyi furaha yako kuwa haramu. Kinachotakiwa ni kwamba usijifanye hukisikii, na hilo ni jambo jingine, tutalifikia.

Kwanza tutazame mabati ya Papa. Neno lake ni zuri likisikika kutoka nje: mume anayejinyima kwa ajili ya watoto. Lakini tuulize, anajinyima nini, na kutoka katika mfuko wa nani? Kwa miaka 25 mama huyu ameamka kabla ya jogoo. Amepanda na bidoni ya lita 20 kutoka ziwani siku ambazo bomba halikutoa maji, amewasha makala, amesonga fufu, ameuza sambaza sokoni, na kila mara alipotaka kitu chake mwenyewe aliambiwa: kwanza watoto. Naye alikubali, kwa maana ni watoto wake pia. Sasa watoto wale wale wamekuwa watu wazima, na wamesema: mama kwanza. Papa akisema hapana, anatoa sadaka, ndiyo, lakini anaitoa juu ya mgongo wa mwingine. Tumeona jambo hili mara nyingi katika familia zetu, kwamba kujinyima kwa bwana hulipwa na bibi. Tunasema hivi bila kumdharau Papa. Huenda yeye mwenyewe hajui kupumzika, kama watu wengi wa kizazi chake, na anaogopa siku saba bila kazi kuliko anavyoogopa vita.

Tena zawadi ina anwani yake. Watoto hawakutuma feza za bati, wakaandika juu yake jina la Zanzibar kwa bahati mbaya. Walifikiri, wakachagua. Mwenye kupokea ana haki ya kukataa zawadi, lakini kuigeuza kuwa kitu kingine bila kumwuliza aliyetoa ni kumwambia: mapendo yako nimeyapokea, akili yako nimeikataa. Kama Papa ana haja ya mabati, awaombe watoto mabati, waziwazi, wao wajibu. Na hapa tukumbushe jambo moja ambalo wengi hawalijui. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume katika mambo mengi ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo, na tangu hapo mume na mke wanatakiwa kupatana. Kupatana ni kazi ngumu kuliko kutoa ruhusa, lakini ndiyo iliyobaki.

Basi, waende. Lakini waende wapi? Sasa tuitazame hoteli yenyewe, maana ndipo tunapoona shida ambayo Papa hakuitaja.

Mtindo huu wa kulipia yote mbele haukuzaliwa Afrika. Mmoja wa walioueneza ni Gérard Blitz, Mbelgiji wa Antwerp, aliyeanzisha Club Méditerranée mwaka 1950, kijiji cha kwanza kikiwa Alcudia, katika kisiwa cha Mallorca huko Hispania. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka mitano tu. Watu wa Ulaya walikuwa wamechoka, na Blitz akawapa jua, bahari, meza ya pamoja, na mahali pa kulala katika hema zilizotokana na mabaki ya jeshi la Amerika. Ndiyo, walilipa ili walale katika hema! Msomaji wa Goma atacheka au atanyamaza, kila mtu kwa alivyopitia. Baadaye wageni wa vijiji vile walivaa shanga shingoni, wakalipia kinywaji kwa shanga badala ya feza, ili waogeleaji wasibebe pochi. Siku hizi ni bangili ya plastiki mkononi. Anayeivaa anakula na kunywa. Asiyeivaa anasimamishwa mlangoni.

Wazo la mwanzo lilikuwa jema: mtu aliyechoka asihesabu. Nani hajui uchovu wa kuhesabu? Katika hoteli zetu za kando ya Ziwa Kivu, ukikaa mezani unahesabu Fanta ya kila mtoto, na samaki hujamaliza kumla tayari unajiuliza atagharimu dola ngapi. Kumwondolea mama hesabu kwa siku saba ni tendo la huruma.

Lakini kutohesabu kuna upande wa pili. Usipohesabu wewe, mwingine anahesabu kwa ajili yako. Aliyelipa chakula chote mbele hana sababu ya kutoka kununua chapati kwa mama wa kijijini, wala ya kumwita mvuvi ili ale kwake. Na mara nyingi feza yenyewe imelipwa kwa kampuni ya safari iliyo Ulaya, ambayo inachukua sehemu yake kabla hata mgeni hajapanda ndege. Ukuta wa hoteli kama hiyo haukujengwa ili kuzuia wezi tu. Unazuia hata faranga ya mgeni isitoke nje.

Twende kwenye maji, maana maji ndiyo tunayoyafahamu sisi. Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilichapisha uchunguzi wa vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Lilikuta kwamba nyumba ya mwanakijiji ilitumia kwa wastani lita 93.2 za maji kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ndogo ya wageni kilitumia lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, lita 3,195. Mama aliyeleta swali anaweza kuzipima kwa bidoni zake: familia nzima ya kijijini, bidoni tano zisizojaa, chumba kimoja cha hoteli kubwa, bidoni karibu 160. Na wageni hawakupungua tangu hapo. Mwaka 2024 waliofika Zanzibar walizidi 700,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 iliwakuta wenyeji 1,889,773.

Hapo tunaikumbuka harusi ya Kana, ambayo kila mume na mke wameisikia siku ya arusi yao. Mara nyingi tunahubiriwa juu ya divai. Tutazame maji. Mitungi ilikuwa sita, na kwa vipimo vya zamani yote pamoja yalitosha lita 470 hadi 700 hivi. Harusi nzima ya kijiji ilikuwa na maji ambayo hayafiki robo ya yale ambayo chumba kimoja kinamwaga leo kwa siku. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita haraka: msimamizi wa karamu alionja, akasifu, lakini hakujua divai imetoka wapi. Watumishi waliochota maji ndio waliojua. Bwana arusi mwenyewe hakujua kitu. Yeye alipewa sifa tu.

Tunaona swali letu liko hapa. Kuhudumiwa si kosa. Hatari ni kuwa yule msimamizi, mtu anayeonja vizuri na asiyejua. Hoteli ya kulipia yote mbele imetengenezwa kwa ufundi mkubwa ili mgeni asijue: taulo inageuka safi, kitanda kinatandikwa mgeni akiwa ufukoni, sahani inaondoka kabla hajasimama.

Ila wazee wetu hawa wawili wana kitu ambacho mgeni wa Milano au Warszawa hana. Wanasema Kiswahili. Kiswahili cha Goma, kweli, na watu wa Unguja watakicheka kidogo watakaposikia "tulikuwa tunakuyaga", lakini watasikilizana. Yule dada anayetandika kitanda atawaamkia "shikamoo", nao watatafuta jibu, maana kwetu hatulizoei. Kisha atauliza wametoka wapi. Kisha mama atauliza ana watoto wangapi, nani anawalea wakati yeye yuko hapa, maji ya kwao yanatoka wapi. Mgeni mwingine angeweza kukaa siku saba na asisikie neno moja. Hawa watasikia yote, wapende wasipende. Wakitembea alfajiri upande wa Paje au Jambiani watawaona akina mama ndani ya maji, wameinama wakifunga mwani kwenye kamba, kazi iliyoanza huko kwa biashara mwaka 1989 na ambayo wengi wanaoifanya ni wanawake. Mama wa sambaza hatashindwa kuwauliza bei.

Hapo ndipo tunapomwambia Papa: aende, tena asiende kama mtu aliyeburutwa. Atoke nje ya ukuta angalau mara moja kwa siku. Anunue kitu kijijini ingawa kimekwisha kulipwa ndani. Ampe yule dada wa chumbani kitu mkononi, yeye mwenyewe, siyo sandukuni. Wasiache bomba wazi. Hayo si makubwa, wala hayatajaza kisima cha Nungwi, lakini yanamzuia mtu asiamini kile ambacho bangili inamwambia usiku na mchana, kwamba yote yamelipwa.

Kwa maana katika ndoa hakuna kilicholipwa mara moja kikaisha. Hata mahari kwetu haiishi: mbuzi wametolewa, ng'ombe ametolewa, na bado baada ya miaka 25 shemeji anakuja na kusema kuna blanketi la bibi lililosahauliwa. Tunalalamika, lakini kuna akili ndani yake. Watu walioweka desturi ile hawakutaka mume aseme siku moja, "nimemaliza". Siku saba za hoteli haziwezi kumlipa mama huyu miaka yake, na watoto wasidhani zimemlipa. Zinaweza tu kuwapa wawili hawa nafasi ya kuongea bila mtu kugonga mlango akiomba chumvi. Katika nyumba zetu zenye watu kumi, mume na mke wanaweza kukaa mwaka mzima bila kumaliza maongezi moja. Hilo peke yake, kwa maoni yetu, linatosha kuvuka mpaka na kupanda ndege.

Jambo moja mama hakutuandikia. Nyumba ya Goma haiachwi peke yake, yeye anajua. Siku zile saba kuna mtu atakayebaki na wale wadogo wawili, atakayewasha makala na kushuka ziwani na bidoni bomba lisipotoa. Kwa kawaida ni binti mkubwa au mke wa kijana. Tungependa kujua ni nani, na kama ameulizwa. Mama atuandikie tena.