Kupatwa kwa Mwezi na Amana ya Mwenye Kujua

Je, mtu asemaye jambo la kweli aweza kuwa mwongo? Swali hili laonekana la ajabu, lakini usiku mmoja wa kupatwa kwa mwezi, katika kisiwa cha Jamaica, watupatia jibu lake.

Mwezi wa Juni 1503, Christopher Columbus alifika pwani ya kaskazini ya kisiwa hicho. Merikebu zake mbili zilikuwa zimetobolewa na wadudu wa baharini hata hazikuweza tena kusafiri. Akazipandisha ufukoni, akakaa humo na watu wake mwaka mzima. Wenyeji, yaani Wataino, waliwaletea chakula na kupewa badala yake vitu vidogo vidogo. Miezi ikapita, vitu vile vikapoteza thamani, na mabaharia walioasi wakawa wakiwapora wenyeji. Hapo chakula kikapungua.

Columbus alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota cha Mjerumani Regiomontanus, kilichoonyesha kwamba mwezi utapatwa usiku wa tarehe 29 Februari 1504. Akawaita wakuu wa wenyeji, akawaambia kwamba Mungu amewakasirikia kwa kuwanyima wageni chakula, na kwamba usiku ule wataiona hasira Yake mwezini. Mwezi ukachomoza, ukaingia gizani na kugeuka mwekundu. Watu wakaja mbio wakilia, wamebeba vyakula. Columbus akajifungia chumbani kana kwamba anawaombea, akingoja wakati uliohesabiwa. Kisha akatoka na kuwatangazia kwamba wamesamehewa. Mwanawe Ferdinand, aliyekuwapo, ndiye aliyeyasimulia hayo.

Sasa, ndugu msomaji, tulipime jambo hili. Mwezi ulipatwa kweli, kwani dunia ilikuwa imepita baina yake na jua, na kivuli cha dunia kikaufunika. Hesabu ilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa katika maana aliyoitia hesabu hiyo.

Huenda mtu akasema: watu wale walikuwa na njaa, na dharura ina hukumu yake. Ni kweli kwamba dharura humhalalishia mwenye njaa chakula kilichokatazwa. Lakini haimpi ruhusa ya kumsingizia Mwenyezi Mungu. Tena njaa ile kwa sehemu ilitokana na uporaji wa mabaharia wake mwenyewe. Aliyepaswa kuomba radhi ndiye aliyejifanya msamehevu! Na zaidi ya chakula, aliwanyang'anya watu wale haki ya kuelewa walichokiona kwa macho yao.

Linganisha na yaliyotokea Madina mwaka 632. Ibrahim, mwana mchanga wa Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.), alifariki, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wenyewe wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume (s.a.w.) hakuwa ametamka neno lolote. Kunyamaza tu kungetosha kumzidishia utukufu machoni pa watu, na nani angemlaumu baba aliyefiwa? Lakini katika huzuni yake aliwasalisha, kisha akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu. Havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, na wayaonapo hayo wasali na kumwomba Mungu.

Basi mmoja aliutengeneza ujinga wa watu ili ale. Mwingine aliukataa ujinga uliokuja wenyewe kumtukuza.

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, na sisi wa Afrika Mashariki tuliuona tangu saa mbili na nusu usiku hadi saa tatu na dakika 52. Saa hizo zilikuwa zimetangazwa mapema, wala hakuna aliyeweza kututisha kwazo. Lakini kila mmoja wetu anajua jambo asilolijua jirani yake: fundi aijua mashine, tabibu aijua dawa, karani aujua mkataba, na mwalimu wa dini aijua sheria. Je, jirani akikosea kwa faida yetu, tunamsahihisha au tunanyamaza? Elimu ni amana, na anayenyamaza ili apate faida ameikhini kama yule anayesema uongo.

Mwenyezi Mungu atujalie tuwe wakweli katika maneno yetu na katika ukimya wetu. Amin.