Nyumba ya Boriti Kuukuu



Je, mume anaweza kutumia fedha za nyumbani bila kumwambia mkewe, ikiwa nia yake ni njema? Nitajibu kwa kosa langu mwenyewe.

Tulipokuwa tukiishi Mtangawanda, pale wasafiri watokao Lamu wanaposhukia kwenda Pate, Siyu na Faza, mimi na mama watoto tuliazimia kujenga. Boriti mpya za mikoko zilitushinda bei. Nikasikia nyumba ya kale imebomoka na mwenyewe anauza boriti zake. Nikachukua fedha ambazo mke wangu alikuwa ameziweka kwa karo ya binti yetu, nikazinunua zote. Sikumwambia. Nilitaka kumfurahisha.

Fundi alipokuja alizigonga moja moja kwa nyundo. Iliyolia kwa sauti kali ilikuwa nzima. Iliyotoa sauti ya uvungu ilikuwa imeliwa na wadudu ndani, ingawa nje ilipendeza. Nyingine zilikuwa zimeoza ncha, pale zilipokaa ndani ya ukuta wenye unyevu. Karibu nusu zikawa kuni. Mke wangu hakupiga kelele. Alinyamaza siku nne. Ukimya ule uliniumiza kuliko matusi.

Siku ya tano nilimwomba msamaha mbele ya binti yetu, kwani naye nilimkosea. Mama yake akajibu, "Nimekusamehe, Baba, lakini kuanzia leo tutahesabu pamoja." Tukakata ncha mbovu. Kwa kuwa upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, vyumba vyetu vikawa vyembamba. Binti alianza kidato cha kwanza akiwa amechelewa muhula mzima. Huo hatukuweza kumrudishia.

Ndugu msomaji, Bwana wetu alifundisha habari za nyumba iliyojengwa juu ya mwamba (Mt 7:24-27). Nia njema bila ukweli ni mchanga. Kila mmoja wenu aliingia katika ndoa na vya kale: desturi za kwao, madeni, machungu. Msivitupe vyote, wala msivipandishe darini kabla ya kuvigonga.

Jioni hii, baada ya sala, ketini wawili. Kila mmoja ataje fedha alizo nazo, anachodaiwa, na jambo moja alilomficha mwenzake. Anayesikiliza asikatize. Kisha salini pamoja Baba Yetu.

Mungu azibariki nyumba zenu.