Bosi Aliyeshuka Mwenyewe

Nikiwa stendi ya Kahama nasubiri basi la Geita, nilisikia mtu akiniita "Bosi!" kwa sauti ya aliyemwona ndugu yake. Alikuwa kijana anayechechemea. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya sura, kwa sababu mwendo ule nilichangia kuutengeneza. Akanipa shikamoo, akaninunulia soda, kisha akamgeukia mwenzake wa bodaboda na kumwambia: "Huyu ndiye yule bosi niliyekuambia. Hakuwa wa kukaa kivulini. Mtaro ulipokuwa mbaya, alishuka mwenyewe."

Soda ile niliinywa kwa shida. Alikuwa ananisifu kwa kosa lenyewe.

Nimesimamia mafundi na vibarua kwa miaka mingi katika ukanda huu wa dhahabu, Shinyanga na Geita: madarasa, zahanati, makalavati, mitaro ya mabomba. Swali ninalolibeba tangu siku ile ya mtaro ni hili: msimamizi anapojitia kwanza kwenye hatari anayowapa wengine, je, amewatendea haki? Zamani ningejibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza.

Ilikuwa msimu wa mvua. Tulikuwa tunachimba mtaro wa bomba la maji, na sehemu moja ya bondeni ulikuwa umefika kina cha mita mbili na nusu. Wasukuma wana majina ya udongo wao. Luseni ni ule wa kichanga wa vilimani. Mbuga ni ule mweusi wa mabondeni, unaonata ukinyeshewa na kupasuka nyufa ukikauka. Sisi tulikuwa ndani ya mbuga, baada ya siku mbili za mvua. Mbao na mirunda ya kukinga kuta ilitosha kipande kifupi tu, na kipande hicho tulikuwa tumekwisha kukipita. Mirunda mingine ilikuwa imeagizwa, haijafika. Usiku mkandarasi alinipigia simu: bomba lilazwe kabla ya Ijumaa.

Asubuhi vibarua walisimama ukingoni wameshika sururu na chepeo. Hakuna aliyekataa kazi. Hakuna aliyeshuka pia.

Katika kundi lile alikuwamo mzee mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu kwenye maduara ya Nyarugusu. Vijana walimwita Namhala, yaani mzee kwa Kisukuma, nami nikamwita hivyo hivyo. Alimega bonge la udongo ukutani, akalibonyeza, kisha akanisogelea na kusema taratibu, vijana wasisikie: "Bosi, ukuta huu unatoa jasho."

Nilimsikia vizuri. Nilijua pia kwamba wakiendelea kusimama mpaka saa nne, siku imekwenda. Basi nikafanya kile nilichofundishwa kuwa ndiyo uongozi. Nilivua saa yangu, nikamkabidhi Namhala, nikachukua sururu, nikashuka kwa ngazi na kuanza kuchimba. Nilichimba kama dakika kumi. Nilipoinua uso, niliwaona wanashuka mmoja mmoja. Mmoja wao alicheka: "Bosi mwenyewe yuko chini, sisi ni nani?" Nilijisikia fahari ambayo leo naona haya kuisimulia.

Saa nane mchana, baada ya ugali wa mama ntilie, nilikuwa juu nashika tepu ya kupimia. Ukuta ulikatika. Haukutoa mlio mkubwa. Ulikuwa kama gunia la mpunga linaloangushwa kutoka begani. Yule kijana alifunikwa mpaka kiunoni. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukiwa na maji unazidi. Tulimfukua kwa mikono kwa kuogopa kumkata kwa chepeo. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya goti. Kama udongo ungefika kifuani, asingeweza kupanua mbavu avute pumzi, na tungefukua maiti.

Usiku ule, nje ya hospitali, Namhala alinirudishia saa yangu. Hakuwa na hasira. Alisema tu: "Bosi, ungebaki juu, tungekataa."

Maneno hayo yalinichukua muda kuyaelewa, kwa sababu yanapingana na kanuni ambayo wasimamizi karibu wote tunaiamini: usimtume mtu mahali ambapo wewe hungekwenda. Ni kanuni nzuri kwa kiasi chake. Inamzuia msimamizi mwoga anayetuma wenzake kufa huku yeye amekaa kwenye gari. Lakini haimzuii msimamizi jasiri, wala mwenye kiburi, wala yule ambaye simu ya usiku imemtia wasiwasi kuliko udongo.

Nilipopiga hesabu vizuri niliona kwamba hatari yangu na yao hazikuwa sawa hata kidogo. Mimi nilishuka dakika kumi. Wao walikuwa wa kushinda chini kutwa nzima. Mimi nilichagua pa kusimama, nikachagua karibu na ngazi. Mshahara wangu ulikuwa wa mwezi: ningesema leo kichwa kinaniuma, ningelipwa vilevile. Kibarua asiposhuka, hana siku. Mimi nilikuwa na mkataba, na nikiumia upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 ili mtu akiumia kazini asiachwe mikononi mwa ndugu zake. Jina la kijana yule lilikuwa kwenye daftari langu la mahudhurio, kwa penseli.

Lakini hesabu si jambo kubwa zaidi. Kubwa ni lile nililowanyang'anya. Kabla sijashuka, walikuwa na sababu ya kukataa isiyomwaibisha mtu: hata bosi anaogopa. Kusimama kwao kimya ukingoni kulikuwa ni kukataa kwa adabu, kwa namna ambayo mtu mwenye njaa anaweza kukataa. Nilipochukua sururu, niliifuta sababu hiyo. Kuanzia hapo aliyebaki juu angekuwa mwoga mbele ya wenzake, na kwa vijana wa rika lile afadhali kuvunjika mguu. Sikumlazimisha mtu yeyote. Niliiachia aibu iwalazimishe badala yangu, huku mimi nikibaki na sifa.

Kwenye saiti, bosi mkali huitwa mnyapara. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya bara na pwani walikuwa na wanyampara, wakuu wa makundi yao waliotembea nao njia ile ile. Baadaye mnyapara akawa msimamizi wa kazi za shuruti, na gerezani akawa mfungwa anayewekwa juu ya wafungwa wenzake. Mnyapara wa gerezani naye ni mfungwa kama wao. Kushiriki hali yao hakumwondolei swali la amri anayoibeba ni ya nani. Ya kwangu ilikuwa ya simu ya usiku, na niliishusha mtaroni kwa mwili wangu mwenyewe.

Rafiki yangu mmoja mhandisi aliniambia najitesa bure. Watu hawa, alisema, ndio hao hao wanaoingia maduarani kwa kamba. Wanajua hatari kuliko wewe. Ni kweli, wanaijua. Mwaka 2015 huko Nyangarata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi, wakiwa wameishi kwa vyura na mende. Agosti 2025, watu 25 walifukiwa katika mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyandolwa, Shinyanga, wakati kazi ya kukarabati maduara ikiendelea. Hakuna kibarua wa hapa asiyekuwa na jamaa aliyewahi kushuka na kuchelewa kupanda.

Lakini kwamba mtu amewahi kuhatarisha maisha kwa ajili ya mgao wake hakunipi mimi ruhusa ya kuyahatarisha kwa ajili ya ratiba yangu. Wala siyapambi maduara. Kule mara nyingine hakuna bosi anayeamuru. Mifuko ya mawe ndiyo inayoamuru. Njaa nayo ni mnyapara. Ndiyo maana "walikuwa huru kukataa" ni utetezi dhaifu kutoka kinywani mwa mtu anayeshika daftari la malipo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwisho wa bomba lile kulikuwa na kijiji ambacho kina mama waliamka alfajiri kuchota maji lamboni, maji wanayogombania na ng'ombe. Kila siku tuliyochelewa, waliilipa wao. Nani ana haki ya kuwaambia wasubiri kwa sababu udongo unatoa jasho? Sina jibu linalowaridhisha wote. Najua tu kwamba mkandarasi hakuwataja kina mama alipopiga simu, nami sikuwafikiria niliposhuka. Niliwakumbuka baadaye, nilipohitaji kujitetea.

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ambao mwaka 2022 uliingizwa kati ya mikataba ya msingi ya shirika hilo, unasema katika ibara ya 13 kwamba mfanyakazi anayejitoa kwenye kazi kwa kuwa na sababu ya maana ya kuamini kuwa maisha au afya yake imo katika hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Neno ninalolishika hapo ni kuamini. Haikusemwa asubiri hatari ithibitike.

Shida ni kwamba kibarua wa siku haadhibiwi kwa namna inayoonekana. Humfukuzi. Kesho asubuhi, wakiwa wamejipanga getini, unapitisha macho juu yake na kumwita aliye nyuma yake. Hakuna barua, hakuna ushahidi, na wote wameelewa.

Kwa hiyo nilibadili mambo matatu, madogo. La kwanza, siku inahesabika mtu akifika saiti, si akishuka. Asiyetaka kushuka atakunja nondo, atachota maji, atapanga matofali, na jioni analipwa sawa. La pili, nikiwaita watu asubuhi nafuata orodha ya jana, na aliyekataa jana yumo. La tatu nililichukua kwa Wasukuma wenyewe. Zamani vijana wa kijiji walilima mashamba kwa makundi, na kiongozi wao, nsumba ntale, walimchagua wao. Nami niliwaambia vibarua wachague mtu wao wa kukagua mtaro kila asubuhi, na akisema hapana, hakuna anayeshuka mpaka kuta zikingwe. Hata mimi sishuki. Hilo ndilo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote: kubaki juu, nionekane mwoga pamoja nao.

Walimchagua Namhala.

Mambo hayo yana gharama. Mkandarasi alinigombeza kwa siku zilizopotea. Kijana mmoja aligundua kwamba anaweza kukataa kila Jumatatu, na nilimlipa Jumatatu zake kadhaa nikijua kabisa kwamba alilewa Jumapili. Nikilinganisha na mguu mmoja, ilikuwa bei rahisi.

Jaribio la kweli lilikuja bila kishindo. Asubuhi moja, katika eneo la luseni, wiki mbili bila mvua, Namhala alitembea ukingoni, akarudi, akasema hapana. Nilikagua mwenyewe. Nimechimba mitaro mingi; niliona ukuta mkavu, ulionyooka, usio na ufa. Nilimuuliza ameona nini. Akasema: "Sijaona kitu, bosi. Sijaupenda." Mirunda ilikuwa mbali, ikafika kesho yake saa tisa. Vijana walikaa chini ya mwembe wakicheza drafti, mimi nikahesabu hasara ya siku mbili kichwani. Ukuta haukuanguka siku ile. Haukuanguka kesho yake. Tulilaza bomba, tukafukia, na mpaka leo sijui kama Namhala alikuwa sahihi.

Moyoni nilitaka uanguke. Si juu ya mtu. Uanguke tu usiku, wakiwa wamelala, ili kukataa kwake kuwe na faida ninayoweza kumwonyesha mkandarasi. Nilipojikuta nataka hivyo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekiahidi. Kama hapana ya kibarua itaheshimiwa tu pale udongo unapoishuhudia, basi hatujampa kitu. Udongo ungesema bila yeye. Nilikuwa nimemwahidi kwamba anaweza kukosea na bado arudi kazini kesho, kama ninavyokosea mimi na kurudi.

Pale stendi, kijana yule alimaliza kunisifu. Kondakta akaita Geita. Nilitaka kumwambia kwamba asubuhi ile alikuwa na haki ya kubaki juu na kwamba mimi ndiye niliyemwondolea. Lakini alikuwa amesimama kwa mguu wake mzuri, anatabasamu mbele ya rafiki yake, na sifa yangu ilikuwa pia sehemu ya namna anavyousimulia mguu wake: aliumia akimfuata mtu mwema. Nilishukuru kwa soda, nikapanda basi. Sijui kama kunyamaza kwangu kulikuwa huruma, au ni mimi tena, nachagua pa kusimama karibu na ngazi.