Mchungaji Asimame Nyuma ya Nani?

Mwaka 1986 chama tawala cha Kenya, KANU, kiliamua kuwateua wagombea wake wa ubunge kwa mlolongo: kila mwanachama asimame hadharani nyuma ya mgombea anayemtaka au wakala wake. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, likapinga. Waumini wa kanisa moja hawana mgombea mmoja, na mchungaji akishaonekana kwenye foleni ya fulani, Jumapili nusu ya waumini watamsikiliza kwa sikio gani? Mjini Eldoret, Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana alikuwa miongoni mwa wakosoaji wakali wa serikali hadi ajali ya barabarani ilipomuua Agosti 1990.

Watetezi wa mlolongo nao walikuwa na pa kushika. Mwanafalsafa John Stuart Mill aliandika mwaka 1861 kwamba kura ni amana, na mwenye amana hutenda mbele za watu. Hoja safi, kwa asiyedaiwa kodi. Mwalimu aliyepanga chumba mtaa wa West Indies, Eldoret, huku mwenye nyumba akiwa wakala wa mgombea mwingine, angefanyaje? Angebaki zake ndani.

Na kubaki ndani kulikuwa na bei yake. Februari 1988, aliyepata asilimia 70 ya waliopanga foleni alipita moja kwa moja. Kura ya siri ya uchaguzi mkuu wa Machi haikumgusa. Wakijitokeza watu 1,000, basi 700 walitosha, daftari liwe na majina mangapi. Asiye na kadi ya KANU hakuhesabika kabisa. Hofu ya mwalimu ikawa faida ya aliyemtisha, na hapo ndipo dhuluma ilipo, kuliko hata katika foleni yenyewe.

Desemba 1990 KANU iliuacha mlolongo pamoja na asilimia 70 yake. Mchujo, hata hivyo, bado ndio uchaguzi wenyewe katika ngome za vyama. Katika kaunti ya Uasin Gishu mwaka 2017, Jackson Mandago alimbwaga Zedekiah Bundotich, maarufu kama Buzeki, kwenye mchujo wa ugavana wa chama cha Jubilee. Aliyesubiri uchaguzi mkuu wa Agosti alikuta ugali umeshasongwa: Buzeki alirudi kama mgombea binafsi, akashindwa tena.

Lakini alirudi. Katiba ya 2010 inaruhusu wagombea binafsi. Aliyeangushwa kwenye foleni ya 1988 hakuwa na pa kukimbilia, maana sheria ilitambua chama kimoja tu.