Je, Mlima wa Mungu Hupandwa kwa Matembezi?

Wazee wa Kikuyu walipomwomba Ngai, Mungu wao, waliinua mikono wakiuelekea Mlima Kenya, Kirinyaga kwa lugha yao, na ibada ikatimia bila mtu kuukanyaga. Jomo Kenyatta aliyaandika hayo mwaka 1938 katika Facing Mount Kenya, na jina lenyewe la kitabu linatosha: mlima huelekewa. Leo familia ya mjini hujaza mashanta mahema, unga na sufuria, ikapandia upande wa Chogoria hadi Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Je, wamekosa adabu? Wangeupanda kwa nia ya kuushinda, ningesema ndiyo, maana heshima ya mbali hukiri kwamba si kila kinachofikika kwa miguu ni chetu. Lakini anayepanda na watoto hana nafasi ya kushinda chochote. Kule juu kila pumzi huvuta takribani asilimia 60 tu ya hewa ya pwani, na mwili hauizoei kwa kuharakishwa. Baba mwenye misuli anaweza kuumwa kichwa na kutapika kabla ya binti yake wa miaka kumi. Hata maharage hukataa kuiva, kwa kuwa maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi. Moto ukokwe utakavyokokwa, sufuria haizidi hapo. Mwendo wa msafara hupangwa na aliye dhaifu kuliko wote, naye mwenye nguvu hutii. Utii huo, naona, ni ndugu wa ule wa mikono iliyoinuliwa.

Mama wa vijiji vya chini ya msitu, anayebeba kuni kwa ukanda uliomkaa kwenye paji la uso, ana haki ya kucheka. Mzigo wa kuchagua si mzigo, atasema. Wenye nacho wanacheza umaskini kwa siku nne, kisha wanarudi kwenye gari. Sehemu ya neno lake haina jibu. Lakini mfungaji wa Ramadhani mwenye chakula kabatini naye si sawa na mwenye njaa, na hakuna anayeiita saumu yake mchezo, kwa sababu kujizuia kwa hiari humfunza mtu kipimo ambacho shibe humsahaulisha. Ila mizigo yote ikiwa mgongoni mwa wapagazi, na wenye mizigo wanatembea mikono mitupu, hoja yangu inaporomoka, wala sina haja ya kuitetea.

Wapo pia watakaouliza: Mungu yuko kila mahali, ziwani kuna nini? Ni kweli, hayuko huko zaidi ya alivyo jikoni. Tofauti iko kwa mwendaji, ambaye jikoni huongeza moto na mambo yakaenda, ila kule juu hana budi kutii.

Ndiyo maana familia ninayoiamini zaidi ni ile inayofika Ziwa Ellis, mita 3,500 hivi, mtoto mdogo akalalamika kichwa, na mama, bila kumuuliza mtu, akaanza kung'oa vigingi vya hema. Asubuhi ikiwa nyeupe, vilele huonekana kutoka pale. Wanavitazama kidogo, wanafunga mashanta, wanateremka.