Bahari ya Nungwi na Haki ya Mja

Kwetu Pemba, maiti hajapelekwa kaburini, hutoka mtu wa familia akasema mbele ya watu: kama mna mnachomdai marehemu, njooni kwetu, na kama aliwakosea, tunamuombea radhi. Maneno mafupi, lakini yamebeba jambo zito. Dhambi baina ya mtu na Mola wake, Mola huisamehe akitaka. Haki ya mja haisamehewi ila na mja mwenyewe.

Sasa itakuwaje pale anayedai ndiye maiti? Na maiti mwenyewe hakuonekana?

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba. Ilikuwa meli ya abiria 645. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema waliokuwemo walipita 2,000. Miili iliyopatikana ni 203. Maana yake nyumba nyingi za huku hazikuzika. Sala ikasaliwa bila jeneza, hitima ikasomwa, watu wakatawanyika.

Tukaambiana, "Mungu kapenda." Naliamini neno hilo, na limewasimamisha watu wengi ambao wangeanguka. Lakini kuna anayelisema kujifariji, na kuna anayelisema ili mwenziwe anyamaze. Ajali ni kadari, sawa. Kujaza chombo kupita kiasi ni kazi ya binadamu.

Kuna nyumba Wete naijua. Kijana wao alipandishwa meli ile na mjomba wake. Mama mtu aliwaitikia wote waliokuja kumpa pole, isipokuwa kaka yake huyo. Kaka alituma wazee wamuombee radhi, mara mbili, dada akakataa. Miaka ikapita. Siku moja baada ya hitima kaka akaja peke yake, akaketi, hakuomba kitu. Alieleza tu. Kwamba pale bandarini waliiona meli imejaa. Kwamba kijana alisita. Kwamba yeye ndiye aliyemwambia, "Panda tu, mama yako anakungojea."

Dada akanyamaza kitambo. Kisha akauliza:

"Alikuwa kala?"

"Kala, dada. Mkate wa ajemi na chai."

"Basi, kaka. Nimekuwia radhi."

Nimelifikiri sana swali lile. Muda wote ule mama hakuwa akingoja kuombwa radhi. Alingoja kuelezwa, mpaka kile kipande cha mkate. Radhi iliyoletwa na wazee ilimtaka asamehe jambo asilolijua.

Na alichosamehe ni fungu lake yeye: uchungu wake, na kaka yake. Fungu la mwanawe hakuligusa, kwa sababu si lake. Lile lingali baina ya kijana na kila aliyeona meli imeshajaa akaiachia ing'oe nanga.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziambia familia hizi, "Sameheni, yaishe." Kusamehe wamesamehe, tena wengine mapema kuliko mama huyu. Ila msamaha wa aliyebaki hauwezi kufuta deni la aliyekwenda. Mjomba, ambaye kosa lake lilikuwa dogo kuliko yote, ndiye aliyekuja kukaa mkekani akasema alichokifanya. Wenye makosa makubwa zaidi, mkeka wao bado umetandikwa.