Je, Mwili ni Nyumba ya Kupanga?

Swali la roho na mwili si la wanafalsafa peke yao. Huingia nyumbani mwetu siku ile mzee anapoanza kuwasahau wanawe, au kijana anapoanguka kifafa mbele ya wageni. Ndipo tusikiapo neno zito likisemwa kwa sauti ndogo: “Huyu si mtu tena, mwenyewe amekwisha kwenda, umebaki mwili tu.” Wasemao hivyo wana huzuni, wala hatuwadhanii ubaya. Lakini yafaa neno hilo lipimwe, kwani likisha kukubaliwa, mgonjwa huhamishiwa chumba cha nyuma, na sahani yake hutengwa.

Wanaosema hivyo huufanya mwili kuwa nyumba ya kupanga, na roho kuwa mpangaji. Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1641, alifundisha kwamba hivi ni vitu viwili mbalimbali kabisa: roho hufikiri, haina urefu wala upana, mwili una urefu na upana, wala haufikiri. Mwezi wa Mei 1643, Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia akamwandikia kumwuliza: yawezaje roho isiyogusika kuusukuma mwili? Mwaka 1649 Descartes aliitaja tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo kuwa ndipo roho itendapo kazi yake. Lakini tezi nayo ni mwili, na swali likabaki pale pale. Descartes mwenyewe alikiri kwamba roho haikai mwilini kama nahodha chomboni. Ila misingi yake haikumpa njia ya kuueleza umoja huo.

Wengine walilikata fundo kwa upande wa pili, wakisema hakuna ila mwili, na akili ni kazi ya ubongo, basi. Tusiwacheke, maana wana hoja. Huko Mahenge, mnamo mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu wenye kifafa. Wengi wao walikuwa wametengwa, kwa kuwa watu waliogopa kula nao na kuwagusa. Dawa iitwayo fenobabitali iliwapunguzia wengi kuanguka kwao. Kidonge kinachotuliza ubongo chaweza basi kumrudisha mtu shambani na mezani kwa nduguze. Amnyimaye mgonjwa dawa kwa kusema kwamba hayo ni mambo ya roho tu, amdhulumu.

Lakini ikiwa mtu ni ubongo wake tu, tutasemaje ubongo ukiharibika? Wako wenye fikira hiyo ambao huwatunza wagonjwa vizuri kuliko sisi, na twawaheshimu. Hata hivyo, fikira yenyewe haiwapi sababu ya kutosha. Mmoja asema mpangaji amehama. Mwingine asema hapakuwa na mpangaji kamwe. Wote wawili wamwacha mgonjwa katika nyumba tupu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alimfuata Aristotle katika njia nyingine. Aristotle alionya kwamba kuuliza kama roho na mwili ni kitu kimoja ni sawa na kuuliza hivyo juu ya nta na chapa iliyopigwa katika nta hiyo. Roho ni umbo la mwili: si sura ionekanayo kwa macho, bali ni kile kinachoufanya mwili huu uwe hai na uwe mwili wa mtu. Mtaguso wa Vienne ulithibitisha mafundisho hayo mwaka 1312. Ugumu wake upo, kwani Thoma afundisha pia kwamba roho hudumu baada ya kifo. Lakini hakusita kusema kwamba roho yake peke yake si yeye. Ndiyo maana twangojea ufufuko. Lugha yetu nayo yajua jambo hilo: aumwaye husema, “Naumwa kichwa.” Kichwa ndipo mahali, aumwaye ni mtu.

Wazee hufarijiana wakisema, “Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.” Ni mithali njema, lakini hapa haitoshi, kwa kuwa mwili si koleo mkononi mwa roho. Mkono ule unaotetemeka ni bibi mwenyewe anayetetemeka. Amwoshaye bibi aliyesahau hata jina lake haoshi kiwiliwili kilichoachwa, amwosha bibi.

Basi, ndugu wasomaji, aliye na mgonjwa wa namna hii na ampeleke kwa mganga wa hospitali pasipo kuona haya. Na arudipo nyumbani, aitwe kwa jina lake, hata kama yeye halijui tena. Na sahani yake irudishwe pamoja na za wengine.